Jinsi ya Kuikagua Namba Tasa Kubwa kwa Mkono: 65,537 Hatua kwa Hatua

Mwongozo huu unaonyesha namna ya kuthibitisha kwa kalamu na daftari kwamba 65,537 ni namba tasa, na namna ya kuziona sifa zake nyingine kwa macho yako mwenyewe badala ya kuzipokea kwa mdomo wa mtu. Nimeuandika kutokana na mazoezi ninayoyafanya jioni na vijana wa kidato cha tatu na cha nne barazani kwetu Ngamiani, mjini Tanga, ambako barabara zenyewe huitwa kwa namba na mtoto huweza kuitofautisha Barabara ya 7 na ya 8 kabla hajaanza shule. Ukiiuliza simu kama 65,537 ni namba tasa, itakujibu ndiyo papo hapo. Jibu hilo ni sahihi, lakini ukilipokea hivyo utakuwa umeamini tu, hujajua. Kazi ya jioni mbili inatosha kukutoa kwenye kuamini na kukufikisha kwenye kujua, na mimi sijaona namba nyingine ya ukubwa huu inayoilipa kazi hiyo vizuri kama hii.

Utahitaji daftari lenye kurasa za mirabaraba, kalamu, na kikokotoo kinachoonyesha tarakimu 10 au zaidi. Kikokotoo cha simu kinafaa. Usitumie kile kidogo cha tarakimu 8, kwa sababu nitakayoieleza tutakapofika kwenye hatua inayokishinda.

Kwanza tuelewane juu ya maana. Namba tasa ni namba nzima iliyo kubwa kuliko 1 ambayo haigawanyiki kamili ila kwa 1 na kwa yenyewe. Mchukue muuzaji wa machungwa ya Muheza anayeyapanga chini kwa mafungu yaliyo sawa. Akiwa na machungwa 65,536 hana shida yoyote: anaweza kuyapanga mistari 256 yenye machungwa 256 kila mmoja, au mafungu ya mawili mawili, ya manne manne, ya manane manane, na kila mara yatakwisha bila kubaki hata moja, kwa kuwa 65,536 ni 2 iliyozidishwa kwa yenyewe mara kumi na sita, yaani 2¹⁶. Mwongezee chungwa moja tu. Sasa hakuna fungu la kiasi chochote litakalotoka sawa, isipokuwa afanye fungu moja kubwa la yote au ayauze moja moja. Hilo ndilo dai tunalotaka kulithibitisha, na ni dai zito, maana linazungumzia kila namba iliyo kati ya 1 na 65,537.

Njia ndefu, na kwa nini inafaa kuipita mara moja

Huhitaji kujaribu namba zote elfu sitini na tano. Vigawo huja wawili wawili: ikiwa namba moja inaigawanya 65,537, jibu la mgawanyo huo nalo linaigawanya, na haiwezekani vyote viwili viwe vikubwa kuliko kipeuo cha pili cha 65,537, kwa sababu zao lao lingeipita. Kipeuo hicho kinazidi 256 kwa kiasi kidogo mno, kwa hiyo ukimaliza kujaribu hadi 256 umemaliza kazi. Zaidi ya hayo, inatosha kujaribu namba tasa peke yake, kwani namba isiyogawanyika kwa 2 haiwezi kugawanyika kwa 6 wala kwa 10. Namba tasa zilizo chini ya 256 ni 54, zikianza na 2 na kuishia na 251. Ziandike zote upande wa kushoto wa ukurasa, na kulia mwa kila moja andika baki linalopatikana 65,537 inapogawanywa kwa namba hiyo.

Kwa 7, kwa mfano, 7 × 9,362 ni 65,534, kwa hiyo baki ni 3. Kwa 11 baki ni 10, kwa 13 ni 4, kwa 17 ni 2, kwa 19 ni 6, kwa 23 ni 10 tena. Endelea hadi 251, ambapo 251 × 261 ni 65,511 na baki ni 26. Kama hujakosea, hutaona sifuri popote kwenye safu ya mabaki, na hapo uthibitisho wa kwanza umekamilika.

Vijana wengi hulifunga daftari hapo. Mimi huwazuia, kwa sababu jedwali hilo lina mambo zaidi ya lile tulilolitafuta. Tafuta mahali palipo na baki 3: utaliona kwenye 7, kwenye 31 na kwenye 151. Maana yake ni kwamba ukitoa 3 kwenye 65,537, namba inayobaki, 65,534, inagawanyika kwa zote tatu, na kweli 2 × 7 × 31 × 151 ni 65,534. Tafuta baki 2: liko kwenye 3, 5 na 17, na 3 × 5 × 17 × 257 ni 65,535. Majirani wa nyuma wa namba yetu wote wanavunjika vipande vidogo vidogo, naye jirani aliyeshikana naye, 65,536, ni rundo la mbili tupu, ilhali 65,537 yenyewe haina hata ufa.

Jirani wa mbele unaweza kumkagua bila kugawanya upya. Ili namba tasa fulani iigawanye 65,539, ni lazima baki lake kwenye jedwali liwe pungufu ya namba hiyo kwa 2 kamili, ili ile 2 tunayoongeza ilijaze. Pitisha kidole chako kwenye safu. Kwenye 29 baki ni 26, na lingehitajika 27. Kwenye 113 baki ni 110, na lingehitajika 111. Hapo linakosekana kwa moja tu, na hakuna mahali linapotimia. Basi 65,539 nayo ni namba tasa, na hizi mbili ni mapacha, kama zinavyoitwa namba tasa zinazoachana kwa 2. Umezithibitisha mbili kwa jedwali moja.

Hesabu ya saa

Njia fupi inahitaji tuzoee hesabu ya mabaki, na Mswahili ana bahati kwamba ameizoea tangu utotoni kwa kusoma saa. Jahazi likiondoka saa 8 mchana na kusafiri kwa saa 7, hatusemi limefika saa 15. Tunasema limefika saa 3 usiku, yaani tumetoa 12 na kuchukua baki. Vivyo hivyo tunaweza kuwa na saa yenye mishale ya kawaida lakini uso wenye namba 17, au 193, au 65,537: kila jibu linapozidi, tunaligawanya na kushika baki tu. Katika mwongozo huu nitaiita saa ya 17, saa ya 193, na kadhalika.

Lugha yetu imetupa na neno la pili, nalo ni kasoro. Saa tano kasoro dakika kumi ni namna ya kusema kwamba kipimo bado hakijafika, na ndivyo tutakavyoandika mabaki makubwa: katika saa ya 65,537, baki la 65,529 tutaliita kasoro 8, kwa kuwa limepungua 8 ili liwe mzunguko kamili. Kasoro ikizidishwa kwa kasoro, jibu si kasoro tena. Kasoro 8 mara kasoro 8 ni 64.

Sasa iangalie 2 katika saa ya 17, ukiizidisha mara mbili kila hatua: 2, 4, 8, 16, kisha 32 ambayo ni 15, kisha 13, kisha 9, kisha 1. Baada ya hatua 8 imerudi kwenye 1, na ikiendelea itarudia njia ileile. Huo nauita mzunguko wa 2, na urefu wake ni 8. Mfaransa Pierre de Fermat aliijua kanuni inayotawala jambo hili: katika saa ya namba tasa yoyote, urefu wa mzunguko huigawanya kamili ile namba tasa ikitolewa 1. Hapa 8 inaigawanya 16, na inatimia. Jaribu mwenyewe saa ya 7, ya 11 na ya 13 kabla hujaendelea, maana hatua inayofuata imesimama juu ya kanuni hii.

Kupunguza majaribio 54 yawe 2

Tuseme kuna namba tasa fulani, tuiite P, inayoigawanya 65,537. Namba yetu ni 2¹⁶ + 1. Katika saa ya P, 65,537 ni sifuri, kwa hiyo 2¹⁶ ni kasoro 1. Ukizidisha kasoro 1 kwa yenyewe unapata 1, kwa hiyo 2³² ni 1. Mzunguko wa 2 umerudi nyumbani kwenye hatua ya 32 na haukuwa umerudi kwenye hatua ya 16, kwa hiyo urefu wake ni 32 kamili, si pungufu. Kwa kanuni ya Fermat, 32 inaigawanya P ikitolewa 1. Kwa maneno mengine, P ni lazima iwe miongoni mwa namba zinazozidi kwa 1 zao la 32.

Ziandike zilizo chini ya 256: 33, 65, 97, 129, 161, 193, 225. Zimekwisha. Kati ya hizo, 33 ni 3 × 11, 65 ni 5 × 13, 129 ni 3 × 43, 161 ni 7 × 23, na 225 ni 15 × 15, hivyo hazimo kwenye mashindano. Zimebaki 97 na 193 peke yake. Gawanya: 97 × 675 ni 65,475, baki 62. Kisha 193 × 339 ni 65,427, baki 110. Namba yetu ni tasa, na safari hii umegawanya mara mbili tu.

Mara ya kwanza nilipoifanya hesabu hii hadi mwisho nilirudi kwenye jedwali langu la mistari 54 nikaikuta mistari ile miwili, 97 na 193, imekaa kimya katikati ya mingine bila alama yoyote ya kuonyesha kwamba ndiyo pekee iliyokuwa na haki ya kuulizwa. Ndiyo sababu nasisitiza upite njia ndefu kwanza. Asiyewahi kugawanya mara 54 hataona ukubwa wa kilichookolewa.

Fermat, katika miaka ya 1640, aliamini kwamba namba zote za sura hii ni tasa: 2 + 1 ambayo ni 3, 2² + 1 ambayo ni 5, 2⁴ + 1 ambayo ni 17, 2⁸ + 1 ambayo ni 257, kisha yetu, na nyingine zote zinazofuata kwa kipeo kuongezeka maradufu. Inayofuata yetu ni 2³² + 1, yaani 4,294,967,297. Leonhard Euler aliupata ufa wake mwaka 1732. Wewe unaweza kuupata usiku huu kwa hoja ileile, kwani sasa kigawo ni lazima kizidi kwa 1 zao la 64: andika 65, 129, 193, 257, 321, 385, 449, 513, 577, 641, ondoa zisizo tasa, na ugawanye kwa zile tano zinazobaki. Nne za kwanza zitakataa. Ya tano itakubali: 641 × 6,700,417 ni 4,294,967,297 kamili. Fermat alikuwa na kanuni mkononi iliyotosha kumwonyesha hili, na hakuitumia hapa. Tangu hapo hakuna namba nyingine ya ukoo huu iliyopatikana kuwa tasa, na 65,537 imebaki kuwa kubwa kuliko zote zinazojulikana.

Njia ya tatu: kuzidisha mara 15

Kuna njia isiyotafuta vigawo kabisa, aliyoitoa Mfaransa Théophile Pépin mwaka 1877. Inasema hivi: anza na 3, izidishe kwa yenyewe katika saa ya 65,537, jibu ulizidishe kwa lenyewe, na uendelee hivyo mara 15. Ukiishia kwenye kasoro 1, namba ni tasa. Ukiishia kwingine kokote, si tasa.

Baki hupatikana hivi. Unapofika kwenye 6,561 na kuizidisha kwa yenyewe, unapata 43,046,721. Igawanye kwa 65,537 na kikokotoo kitakuonyesha 656 na desimali nyuma yake. Zitupe desimali, zidisha 656 kwa 65,537 upate 42,992,272, kisha toa: linabaki 54,449. Likiwa kubwa kuliko nusu ya saa, ligeuze kuwa kasoro ili hesabu inayofuata iwe nyepesi. 65,537 ikitolewa 54,449 ni 11,088, kwa hiyo andika kasoro 11,088. Haya ndiyo majibu unayopaswa kuyapata:

1: 9
2: 81
3: 6,561
4: kasoro 11,088
5: kasoro 3,668
6: 19,139
7: 15,028
8: 282
9: 13,987
10: 8,224
11: kasoro 8
12: 64
13: 4,096
14: kasoro 256
15: kasoro 1

Hatua ya 5 ndiyo iliyonikwamisha. Ninapoizidisha 11,088 kwa yenyewe, jibu lina tarakimu tisa, na kikokotoo changu cha tarakimu 8 kilinionyesha herufi E na kunyamaza. Niliendelea na tarakimu zilizoonekana kwenye kioo bila kutambua kwamba zimekatwa, nikazidisha hadi hatua ya 15 na kupata namba isiyo na maana, na kwa siku mbili niliamini kwamba nimeielewa vibaya kanuni yenyewe. Kama huna kikokotoo kikubwa, ivunje namba. Kwa mfano, kwenye hatua ya 7, 19,139 ni 19,000 na 139. Mraba wa 19,000 ni 361,000,000. 19,000 × 139 mara mbili ni 5,282,000. Mraba wa 139 ni 19,321. Jumla yake ni 366,301,321. Toa 65,537 × 5,589, ambayo ni 366,286,293, na linabaki 15,028.

Tazama pia kinachotokea kuanzia hatua ya 11. Hadi hapo mabaki yalikuwa yakirukaruka bila mpangilio unaoonekana, 282, kisha 13,987, kisha 8,224, na ghafla yanatua kwenye kasoro 8. Kuanzia hapo huhitaji kikokotoo: 64, kisha 4,096, kisha 16,777,216, ambayo ni 256 × 65,536, na kwa kuwa 65,536 katika saa hii ni kasoro 1, jibu ni kasoro 256. Mraba wa 256 ni 65,536, nayo ni kasoro 1. Kila ninapoifanya na kundi jipya la vijana, hapo kwenye kasoro 8 huwa nawaacha waandike wenyewe, nami nakaa kimya.

Kwa nini hili linathibitisha? Zidisha mara moja zaidi na utapata 1. Mzunguko wa 3 umerudi kwenye 1 baada ya hatua 65,536 na haukuwa umerudi kwenye nusu yake. Na kwa vile 65,536 haina kigawo kingine isipokuwa 2, urefu wa mzunguko ni 65,536 kamili. Saa yetu ina mabaki 65,536 tu ukiacha sifuri, kwa hiyo 3 imeyatembelea yote, kuanzia 1 hadi 65,536, kila moja mara moja. Kila baki lililotembelewa lina mwenzake kwenye mzunguko ambaye wakizidishwa pamoja hutoa 1. Lakini namba yenye kigawo cha pamoja na 65,537 haiwezi kamwe kutoa 1, kwa kuwa mabaki ya mazao yake yote hubaki na kigawo hicho. Basi hakuna namba yoyote chini ya 65,537 yenye kigawo cha pamoja nayo. Ni tasa, na tumelijua hilo bila kugawanya kwa kigawo hata kimoja.

Sifa nyingine unazoweza kuzishika

Sifa ya kwanza inaonekana bila kazi: 65,537 ni 256² + 1². Namba tasa inayobakisha 1 ikigawanywa kwa 4 huweza kuandikwa kama jumla ya miraba miwili, na kwa namna moja tu, kwa hiyo usipoteze jioni kutafuta namna ya pili.

Sifa ya desimali ina ladha zaidi. Gawanya 1 kwa 17 kwa njia ya kawaida ya shule ya msingi, na uandike kila baki pembeni. Utapata 0.0588235294117647, tarakimu 16, kisha zinaanza upya. Mabaki uliyoyaandika ni namba zote kuanzia 1 hadi 16, hakuna iliyorukwa, na baada ya tarakimu ya nane baki ni 16, yaani kasoro 1. Sasa kata tarakimu hizo katikati na ujumlishe nusu mbili: 05882352 na 94117647 ni 99999999. Nusu ya pili ni kivuli cha ya kwanza, kwa sababu kuanzia kwenye kasoro 1 hesabu yote inarudiwa kwa kugeuzwa.

Namba yetu hufanya vivyo hivyo kwa kiasi kikubwa zaidi. Ukigawanya 1 kwa 65,537 unapata 0.0000152585562 na kuendelea, na tarakimu hazirudii hadi zifike 65,536. Ukiandika tarakimu 1,000 kwa kila ukurasa utajaza kurasa 66 za kaunta buku, na tarakimu yoyote kwenye nusu ya kwanza ikijumlishwa na mwenzake wa nusu ya pili hutoa 9. Simwambii mtu aziandike zote. Rudia hatua 15 za Pépin ukianza na 10 badala ya 3: utaanza na 100, 10,000, kisha 56,075 ambayo ni kasoro 9,462, na ukiwa mwangalifu utaishia tena kwenye kasoro 1. Hilo peke yake linathibitisha urefu wa tarakimu 65,536.

Kuna aliyekuwa na subira ya kurasa nyingi kuliko sisi. Mwaka 1796 Carl Friedrich Gauss, akiwa bado hajafikisha miaka 20, aligundua kwamba umbo lenye pande 17 zilizo sawa linaweza kuchorwa kwa rula isiyo na vipimo na bikari tu, na hoja yake inafika hadi kwenye umbo la pande 65,537. Johann Gustav Hermes alitumia miaka ipatayo kumi kuiandika njia ya kulichora umbo hilo, akamaliza mwaka 1894, na maandishi yake yamehifadhiwa Göttingen, Ujerumani. Ili kuona umbo hilo ni la namna gani, weka nukta katikati ya mji wa Tanga na uchore duara lenye nusu kipenyo cha kilomita 1: kila upande wa umbo utakuwa na urefu wa karibu sentimita 9.6, na pembe ya kila upande pale katikati itakuwa chini ya sekunde 20 za digrii. Kwa jicho, hilo ni duara.

Matumizi ya leo yako karibu zaidi. Katika mfumo wa kuficha ujumbe unaoitwa RSA, uliobuniwa na Ron Rivest, Adi Shamir na Leonard Adleman mwaka 1977, ujumbe hugeuzwa kuwa namba kisha namba hiyo hupandishwa kwenye kipeo fulani katika saa kubwa sana. Kipeo kinachotumika mara nyingi kuliko vingine vyote ni 65,537. Sababu ni ileile tuliyoiona: ikiandikwa kwa sifuri na moja peke yake, namba hii ni 10000000000000001, moja mbili tu zenye sifuri kumi na tano katikati, kwa hiyo kompyuta huzidisha mara 16 kwa njia ya kuzidisha jibu kwa lenyewe, kisha mara moja zaidi, na kazi imekwisha. Fungua tovuti inayotumia RSA kwenye kompyuta, bofya alama iliyo kando ya anwani ya tovuti, tafuta maelezo ya cheti chake, na kwenye ufunguo wa hadharani mara nyingi utaikuta 65537 imeandikwa.

Kusonga mbele

Namba tasa kubwa kuliko zote zilizokuwa zimejulikana ilipofika mwishoni mwa mwaka 2024 ni 2 kwa kipeo cha 136,279,841 ikitolewa 1, iliyopatikana Oktoba 2024 na Luke Durant. Ina tarakimu 41,024,320. Hiyo haikaguliwi barazani, lakini njia iliyotumika kuithibitisha unaweza kuijifunza kwa namba ndogo za sura hiyohiyo, nayo inafanana na ile ya Pépin. Anza na 4. Kila hatua, zidisha namba kwa yenyewe, toa 2, na ushike baki katika saa ya namba unayoikagua. Fanya hivyo mara pungufu ya kipeo kwa 2. Ukiishia kwenye sifuri, namba ni tasa.

Kwa 127, ambayo ni 2⁷ ikitolewa 1, hatua ni tano: 4 inakuwa 14, kisha 194 ambayo ni 67, kisha 42, kisha 111, kisha 12,319, ambayo ni 127 × 97 kamili, yaani sifuri. Inayofuata kwa ajili yako ni 8,191, ambayo ni 2¹³ ikitolewa 1. Utahitaji hatua 11. Kwenye hatua ya 7 unapaswa kuwa na 36. Kama huna, rudi nyuma ukague kutoa kwako kabla hujaendelea. Kwenye hatua ya 10 utapata 128. Mraba wake ni 16,384; toa 2, na uitazame 16,382 vizuri kabla hujagusa kikokotoo.